Mkondoa Haukututoza Senti

Mama aliposikia kwamba nalipa pesa ili nikafundishwe kuzama, alitua sufuria chini. "Mwaka 2010 mto Mkondoa ulituzamisha Kilosa hii bure, ukabeba na reli. Leo wewe unalipa?"

Mchumba wangu ndiye aliyeamua: fungate Zanzibar, na matumbawe ya Mnemba tuyaone kutoka chini, siyo kutoka kwenye mashua. Yeye mtoto wa Tanga. Mimi nimelelewa kuyakimbia maji. Pasipo na mamba pana kichocho.

Nadharia niliisomea barazani, kwenye simu. Kanuni ya kwanza: usibane pumzi kamwe, maana hewa iliyo mapafuni hutanuka unapopanda juu. Kabla ya kupewa cheti, uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Bwawa la kujifunzia nililipata kwenye loji moja Mikumi, kwa basi linalopitia Ulaya, kata yetu isiyodai viza.

Nikiwa naelea chali, nahesabu dakika, tumbili akashuka akabeba miwani yangu ya kuzamia. Akaigeuzageuza, akaonja mkanda. Mhudumu alikuja na ndizi bila haraka, akanishauri, "Mwoneshe, kaka, ila usimpe mpaka aiachie." Tumbili naye alikuwa na msimamo huohuo. Ndizi iliingia kwenye bili yangu.

Jioni nilikwenda hifadhini kuwatazama viboko bwawani. Kiboko haogelei hasa, hutembea chini kabisa, na hubana pumzi hadi dakika 5. Kwa kitabu chetu amefeli somo la kwanza. Sikuona wa kumwambia.

Baharini masikio yalitii: bana pua, puliza taratibu, shuka kidogo, rudia. Kilichogoma ni dole gumba. Kule chini ishara ya "niko salama" ni duara la kidole gumba na cha shahada. Dole gumba juu ni "tupande". Mwalimu akaniuliza kwa duara kama niko sawa, nikamjibu Kikilosa. Akanipandisha. Tukashuka tena, akapita kasa mkubwa, mtulivu kama mzee anayetoka msikitini. Furaha ikanizidi, dole likainuka lenyewe. Tukapanda. Mchumba wangu alibaki huko chini na mwongozaji wake, akamfaidi kasa peke yake.

Kadi nilipata hatimaye. Inaniruhusu mita 18, nikiwa na mwenzangu na vifaa kamili. Mtaani hakuna aliyesoma hayo maandishi madogo. Walichoelewa ni kwamba sasa kuna kijana ana cheti cha kuingia majini, kwa hiyo ndoo ikikatika kamba kisimani, naitwa mimi. Nimewaeleza habari za mtungi wa hewa. Wakanijibu kwamba kisima chenyewe si kirefu. Juzi aliyegonga mlango ni Mama mwenyewe. Kadumbukiza simu.