Baridi Inasingiziwa

Ndugu zangu wa Mtanda, Lindi. Huku Edmonton hatujambo, ila pua. Najua habari ya Kanada mnayoitaka ni ya baridi, basi ichukueni: usiku wa Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na magari hulala nje yamefungwa kwa waya ukutani mithili ya mbuzi. Msicheke. Ule ni waya wa umeme, unaolisha hita inayoipasha injini moto usiku kucha. Kifaa chenyewe kilipewa hataza mwaka 1949 kwa jina la Andrew Freeman wa North Dakota, kwa majirani zetu wa kusini, na hakuna aliyekitumia akakiona anasa. Asubuhi mwenye gari huchomoa waya, huzungusha ufunguo, na gari lililozeeka barabarani hukohoa kidogo, likaondoka. Kwa hiyo nina hoja ambayo wazee wa kijiweni hawataipenda: gari kuukuu linalochelewa kuwaka Lindi ni gonjwa zaidi kuliko linalochelewa kuwaka huku.

La huku lina udhuru. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya asidi hutoa karibu nusu tu ya nguvu zake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, injini inadai nguvu zaidi ili izunguke. Likichelewa, limeonewa. La kwenu limelala kwenye joto la nyuzi 25, oili ni nyepesi, betri imo katika hali ya kutoa umeme wake wote, na bado stata inazunguka kwa kusitasita, kama inaombwa. Hapo hakuna hali ya hewa ya kulaumu. Au tuseme ipo, ila si ile mnayoidhania. Joto husaidia betri kutoa umeme leo huku likiila kwa ndani: linakausha maji yake na kuharakisha kutu kwenye vibao vya risasi. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa betri, kila joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Chini ya boneti, mchana wa Lindi, nyuzi hizo hazitafutwi kwa tochi. Baridi ya huku hufichua tu betri iliyokwisha kuchoka tangu kiangazi, kisha ndiyo inayotukanwa. Kinachonichekesha ni zile herufi CCA juu ya betri: nambari iliyo karibu nazo ni ahadi ya ampea ambazo betri itatoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuna watu Kilwa wamelipia ahadi hiyo kwa fedha taslimu.

Mtaniambia gari limezeeka tu, na atakayekumbuka Nachingwea atanitajia matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukafutwa 1951. Kweli, mengi yalikuwa mitumba ya vita, na mengi yalikufa. Lakini yalikufa mikononi mwa mradi uliokimbilia shamba kabla ya kuwa na vipuri vya kutosha na mafundi waliozoea mitambo ile. Uzee hauna nati wala waya. Kinachochelewesha gari kina mahali pake, na mahali hapo panapimika.

Hoja yenu ya pili ina nguvu zaidi: fundi aliweka betri mpya, gari likawaka palepale, basi betri ndiyo iliyokuwa mbovu. Si lazima. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 200, na mkondo huo ukipita kwenye kiungo chenye kutu, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, unapoteza volti 2 njiani. Betri mpya ina nguvu ya ziada ya kufidia hasara hiyo, kwa hiyo kasoro inafichwa na kulipiwa kwa mkupuo mmoja. Kwenu upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina mahali inapopenda kama vichwa vya betri na ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini. Waya huo haujawahi kusifiwa na mtu yeyote. Chukueni testa, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, msinunue kitu. Fungueni, sugueni kwa msasa, kazeni.

Na msinipe ushahidi wa taa. Taa moja ya mbele huvuta ampea 5 hivi. Kuwaka kwake hakuthibitishi kwamba betri inaweza kutoa 200. Kusukuma nako kunasaidia gari la gia za mkono, lakini kwa otomatiki ni mazoezi ya mwili. Tena sikilizeni kwanza: stata ikizunguka kwa kasi lakini injini haishiki, kesi si ya betri. Kwenye gari la petroli lenye pampu ya umeme, fungueni swichi bila kupiga stata, mzime, mrudie mara mbili tatu. Likishika upesi baada ya hapo, huenda mafuta yanarudi kwenye tanki usiku. Dizeli nyingi za zamani zina hita plagi zake, na hizo huhitajika asubuhi hata Lindi.

Barua ya namna hii, najua, hujibiwa kwa ombi la hela ya betri. Sikatai. Ila ombi lije na namba. Betri ikiwa imechajiwa na kupumzika, ikasoma volti 12.6, kisha stata ikipigwa ikaanguka chini ya 9.6 huku vichwa na waya vimesuguliwa na stata yenyewe imekaguliwa, basi betri imekwisha, na fedha nitatuma bila ubishi. Ikisoma vingine, nitatuma msasa.