Dhamira kwa Mkopo

Ukitaka kujua nani alifaulu Kiswahili kidato cha nne, kaa na wenzako kwenye benchi la mama ntilie, saa saba mchana, Dar es Salaam. Mazungumzo yakigusa vitabu vya shule, kila mtu profesa. "Dhamira za Watoto wa Mama Ntilie?" anauliza mmoja, mdomo umejaa wali maharage. Wanajibu kwa pamoja: umaskini, matabaka, nafasi ya mwanamke! Yanatiririka kama maji ya bomba, siku yanapotoka. Sasa uliza Zita ni nani. Kimya. Mmoja anabahatisha: "Si yule wa riwaya ya Takadini?"

Si ajabu. Watoto wa Mama Ntilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo yenye Zita huyo, wengi waliisoma kwenye mwongozo wa kuazima, uliotolewa kopi mpaka herufi zikafifia, na kurasa za mwisho hazimo. Tulichukua dhamira, migogoro na falsafa ya mwandishi. Hadithi tukamwachia mwenyewe.

Pale benchini, bingwa wa nafasi ya mwanamke haishii hapo. Anafafanua jinsi jamii inavyowanyonya mama lishe, anagonga meza, wenzake wanatikisa vichwa kwa uchungu. Kisha anapangusa mdomo na kumgeukia mwenye sufuria.

"Mama, leo niandikie. Mwisho wa mwezi nakumalizia."

Daftari linafunguliwa. Ukurasa wake umejaa mpaka pembeni.

"Haya, mwanangu. Na hili la mwezi uliopita tuliweke wapi, kwenye dhamira au kwenye migogoro?"