Fundi wa Mtaa wa Pili

Jirani yangu aliapa fundi hatakula tena senti yake. Kumwaga oili ya pikipiki ya cc 125, alisema, ni spana moja, beseni na lita 1 hivi ya oili. Kweli. Kukaza cheni nako si elimu ya chuo kikuu: legeza nati ya ekseli, vuta gurudumu nyuma, cheni ibaki imelegea kiasi cha vidole viwili. Kweli tena.

Jumamosi akafungua kabureta. Elimu ikaishia hapo. Jumapili jioni pikipiki ilikuwa imefungwa ikapendeza, na skrubu tatu zimebaki kiganjani. “Za ziada,” akatuambia. “Kiwandani huwa wanajaza tu.”

Jumatatu akaisukuma hadi kwa fundi, chini ya mwarobaini. Fundi alichungulia, akauliza kwa upole: “Kaka, nani kaifungua hii?”

“Fundi mmoja wa mtaa wa pili. Tapeli kweli yule.”

“Pole sana, bosi. Basi kusafisha kabureta ni elfu kumi. Kurekebisha aliyoyafanya yule tapeli, elfu thelathini.”

Jirani alilipa kimya. Angemtetea vipi?