Jicho la Kushoto

Daktari aliniuliza jicho limepatwa na nini. Nikamjibu kweli tupu: "Nimechanjwa mdondo." Akaweka kalamu mezani. Nyuma yangu kwenye benchi walikuwepo akina mama wanne na watoto wao, na wote walikuwa wamesikia. Mmoja akamvuta mwanawe karibu na kuhamia mwisho wa benchi.

Ikabidi nieleze tangu mwanzo. Na mwanzo haukuwa jicho, ulikuwa jogoo.

Septemba ya mwaka juzi nilikuwa narudi Utete kutoka Dar es Salaam. Basi liliposimama Kibiti, wachuuzi wakalizingira kama kawaida yao: korosho, maji, mayai ya kuchemsha, na kijana mmoja aliyeshika kuchi kwa miguu. Ewe msomaji, kama hujawahi kuona kuchi aliyekamilika, huyu alikuwa na miguu mirefu kama ya mtu anayevuka bonde wakati wa mafuriko, mdomo umepinda, upanga mdogo umelalia kichwani, na macho ya mtu uliyemkopa hela ukahama nyumba. Kijana aliomba shilingi 40,000. Nikataja 15,000, kwa mzaha, nikisubiri kutukanwa. Akasema, "Chukua."

Mwenye akili zake angeshtuka hapo hapo. Mimi nilijipongeza.

Tulivuka Daraja la Mkapa pale Ndundu, jogoo kwenye tenga miguuni pangu, akipiga chafya. Mzee aliyeketi kando yangu akamwombea rehema kama anavyoombewa binadamu, gari zima likacheka. Nami nilicheka kuliko wote. Mpaka leo chafya ile naisikia usingizini.

Nyumbani nilikuwa na kuku 14 wa kienyeji: wa kishingo watatu, kidimu mmoja ambaye manyoya yake yamekunjukia nje utadhani amevaa koti kinyumenyume, na wengine wa kawaida. Jogoo nikampa jina la Diwani, kwa sababu ya mwendo wake, na kwa sababu alianza kuhutubia kabla hajajua shida za mtu yeyote pale uani. Mama mkwe alikuwepo. Alikuja kumwona mjukuu kwa wiki moja na huo ulikuwa mwezi wake wa nne. Akamtazama Diwani juu mpaka chini, akaniuliza, "Mkwe wangu, kamba yake iko wapi?"

"Mama, huyu ni kuchi. Mwenye kufungwa kamba ni mbuzi."

Akasema, "Haya, baba." Wenye wakwe wanajua kwamba "haya, baba" ya namna hiyo si ya kukubali.

Sasa nikiri jambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miaka 19 nimeandika ubaoni "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni" na kuwaeleza watoto kwamba mgeni hujulikana kwa dalili zake. Nimeitungia maswali, nimetoa alama, nimewakosoa waliokosea. Haikunipitikia hata siku moja kwamba methali ile inamhusu kuku. Kuku hasa, mwenye manyoya. Kamba ile humzuia mgeni asirudi alikotoka, kweli; lakini mama mkwe alifundishwa na mama yake kwamba humzuia pia asiende kunywa maji ya wenyeji. Anafungwa chini ya mwembe, mbali na wenzake, na kopo lake mwenyewe, anahudumiwa wa mwisho baada ya wenyeji kula, na anakaa hapo wiki mbili. Akiwa na ugonjwa, utajitokeza huko huko. Wataalamu wa mifugo huiita karantini. Bibi zetu waliiita kamba.

Siku ya tano mtetea mmoja wa kishingo aliinamisha kichwa, mabawa chini, amejikunyata kama abiria aliyeachwa na gari. Kinyesi kikawa kijani. Kesho yake wawili wakawa wanahema midomo wazi. Keshokutwa yake kidimu akaanza kuzunguka mahali pamoja, shingo imepinda, anatembea kinyumenyume. Hapo hata mimi niliyesoma fasihi nilijua: mdondo. Wengine huuita kideri. Waingereza waliupa jina la mji wao, Newcastle, ulikotambuliwa mwaka 1926, lakini nadhani sisi tuliupa jina zuri zaidi. Ukisikia tu mdondo unawaona wanavyodondoka.

Utete nzima ikawa na dawa. Mmoja akasema pilipili kichaa. Mwingine mwarobaini. Wa tatu shubiri, lakini ichumwe asubuhi. Wa nne kitunguu saumu, na wa tano akaniletea vidonge vya binadamu vya rangi mbili, akaniambia nifungue nimwage kwenye maji. Nilitia vyote. Kuku wangu walikufa wananukia kama achari. Baadaye bwana mifugo alinieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mfiwa, kwamba mdondo ni kirusi, hauna dawa duniani, na vidonge vile ni vya kuua bakteria, kwa hiyo ilikuwa kama kumpigia fundi umeme simu kwa sababu bomba limepasuka.

Walipobaki watano, jirani akaja amenyata, akanong'ona: "Mwalimu, hao waliochangamka usiwasubiri. Wapeleke stendi leo leo, uza kwa bei yoyote."

Nikamtazama. Nikauona uso wa yule kijana wa Kibiti, na haraka yake. Nikazielewa 15,000 zangu.

Hivyo ndivyo mdondo unavyosafiri pwani yetu. Hauna miguu wala nauli. Unapandishwa basi na mtu anayeokoa mtaji, unashushwa na mtu anayefurahia bei. Mama mkwe alikataa katakata, hakuuzwa kuku. Tukachimba shimo refu wasipofika mbwa, waliokufa wakazikwa pamoja na majivu na chokaa. Wakafa 11 jumla. Watetea watatu wakapona, Mungu anajua kwa nini, na mmoja mwingine akapona ambaye kila mtu alitamani afe kwanza: Diwani. Lakini shingo yake ilibaki imepinda upande wa kushoto moja kwa moja, na tangu siku hiyo anamtazama kila mtu kwa pembeni, kwa dharau, kama anayesubiri uombe radhi.

Kuhusu utitiri sitasema mengi, mke wangu ameniomba. Niseme tu kwamba mmoja wa wale watatu aliamua kuatamia chini ya kitanda chetu, na kwa kuwa alikuwa mfiwa tulimhurumia. Siku ya kumi na nane usiku mke wangu akaniuliza, "Unajikuna nini?" Nikamuuliza, "Na wewe?" Tukawasha tochi. Godoro lilikuwa na vijidudu vidogo kama vumbi, ila vumbi hili lilikuwa linatembea na lilijua linakokwenda. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Ukimhamisha mtetea siku ya 18 anaweza kuyasusa yote. Basi tulihama sisi. Siku tatu nimelala sebuleni kwenye mkeka, katika nyumba niliyoijenga kwa mshahara wangu, huku kitanda cha mninga akikimiliki kuku. Alitoa vifaranga tisa, wakakua watano. Wengine wanne kamuulize mwewe.

Hapo ndipo nilipomwita fundi mmoja mzee anijengee banda. Mzee huyu kazaliwa bondeni kabla ya mafuriko ya 1968, kabla ya Operesheni Rufiji kuwapandisha watu kwenye miinuko, na kazi anayoijua ni moja: kujenga dungu. Atakayefika bonde la Rufiji msimu wa mpunga atayaona madungu hayo, vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu, watu wakiishi humo juu kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na kiboko, maji yakipita chini. Akanijengea dungu la kuku. Nguzo nne, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini, ngazi, mlango mdogo. Nguzo akazipaka oili chafu, na chini akaniagiza niweke majivu, kuku waoge humo wajipukute utitiri wenyewe. Kenge, ambaye alikuwa akija kila jioni kula mayai kama mtu mwenye akaunti, alifika, akatazama juu, akaondoka. Sijawahi kuona kenge aliyeaibika kiasi kile.

Dosari ya banda ni moja. Limejengwa kwa kimo cha kuku, nami sikuwaza kwamba siku moja nitaingia humo alfajiri.

Chanjo ya mdondo tuliyonayo vijijini ni ile ya I-2, na inatengenezwa Kibaha, mkoani kwetu humu humu. Sifa yake ni uvumilivu wa joto. Haidai jokofu njia nzima. Unaifunga kitambaa kibichi, unaiweka kikapuni mbali na jua, inafika. Tone moja, jicho moja, kuku mkubwa kwa mdogo, na unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Ina maana kabla ya kiangazi, si baada ya kilio. Shida ni chupa. Ndogo niliyoipata ilikuwa ya kuku 100, na mimi nilikuwa nao tisa.

Nikapita kwa majirani kuchanga. Shilingi 100 kwa kuku, kila mtu alete kesho kabla ya jua, maana kuku ukimfukuza mchana utachanja mti. Wakaja. Yupo aliyeleta kuku 20 na kulipia 12, kwa hoja kwamba vifaranga hawahesabiwi hata kwenye daladala. Yupo aliyeleta bata sita. Nikamwambia bata hawasumbuliwi sana na mdondo, akaniambia ubaguzi haujengi. Na yupo mama mmoja aliyeleta kuku amemviringisha kwenye khanga, kichwa tu nje. Nikamuuliza kama mzima. Akasema, "Mzima, ana aibu tu." Nikachanja. Kuku yule akafa siku ya pili, na habari ikafika Ikwiriri kabla ya maziko: chanjo ya mwalimu inaua. Kumbe chanjo haiponyi aliyekwisha kuugua, na hata mzima huihitaji wiki moja na zaidi ndipo apate kinga. Nilimrudishia mama yule 100 yake. Alisema alitoa 200.

Lakini jicho liliumia kabla ya hayo yote, alfajiri, nilipoanza na wa kwangu. Niliingia banda la dungu kwa magoti, tochi mdomoni, chupa mkono wa kulia. Wanane walikwenda vizuri. Kuku gizani ni mtulivu kama kitabu. Wa tisa ni Diwani. Sasa, kuku wa kawaida unamlaza ubavu, jicho linatazama juu, unadondosha tone. Diwani shingo yake imepinda. Ukimlaza hivi, jicho linatazama chini. Ukimgeuza, linakutazama wewe. Nilimsogelea, naye akanisogelea, na nilipobinya chupa alikung'uta kichwa kama anayekataa hoja barazani. Tone likaruka, likatua kwenye jicho langu la kushoto. Nikapiga kelele, tochi ikadondoka kinywani, fito mbili zikakatika, na mguu wangu mmoja ukatokeza chini ya banda. Mama mkwe alikuwa chini na kikapu cha majivu. Akautazama mguu ule unaoning'inia kwa kitambo, kisha akasema taratibu, "Mkwe wangu, huo nao tuutafutie kamba?"

Daktari alisikiliza yote. Akasema kirusi cha mdondo kikiingia jichoni mwa mtu huleta wekundu na machozi siku chache, kisha hupita. Nisafishe kwa maji safi na nisilifikiche. Akaandika kwenye daftari. Kisha akainama mbele, akapunguza sauti wasisikie wale wa benchi.

"Mwalimu, ile chupa ilibaki? Mimi nina nane."

Haikubaki. Lakini Agosti nachanja tena. Mlio Utete na jirani, leteni kuku kabla ya jua kuchomoza, 100 kila mmoja, vifaranga wanahesabiwa. Mgonjwa mwacheni nyumbani hata kama ana aibu tu. Bata pia. Nitakuwa nimevaa miwani.