Matope Kwanza, Wimbo Baadaye

Zamani mwimbaji wa Kigusii alianza na ala yake, obokano: nyuzi nane za kukazwa mmoja mmoja mpaka zikubaliane, na hilo si jambo dogo hata kwa ndugu wanane. Msanii huru wa Sironga, yeye huanza na kamera. Anamtafuta binamu mwenye simu nzuri, kisha mahali pa kugaagaa. Na kwa bahati ardhi oevu ya Sironga haitozi kiingilio. Embarambamba, huyo mwimbaji aliyevuma kwa injili, alishatuthibitishia kwamba mti, fahali na dimbwi vinaweza kumfikisha mtu YouTube bila meneja.

Kisha unakuja utunzi. Ubeti wa kwanza anapewa mwakilishi wadi, maana ndiye aliyelipa nauli ya kwenda studio Kisii mjini. Wa pili ni wa mwenye matatu. Wa tatu umeachwa wazi, unasubiri mfadhili. Kiitikio kimekamilika tangu mwanzo: namba ya M-Pesa, inarudiwa polepole ili hata bibi asikosee tarakimu.

Na sauti? Prodyuza amesema ataiingiza wiki ijayo, nafasi ikipatikana.