Kumi na Mbili ya Kukisia

Hongera, bwana. Pikipiki ya motokrosi umenunua, na helmeti, na miwani ya rangi ya machungwa. Ila upepo unapima kwa geji ya kuazima kwa fundi pancha wa malori, ambayo sahani yake inafika paundi 160. Wewe unataka 12. Mshale unaachia sifuri kidogo tu, unatetemeka, nawe unatamka "kumi na mbili hiyo!" kwa uhakika wa mpiga ramli.

Kosa la geji nyingi za mshale huhesabiwa kwa asilimia ya kipimo chake chote, si ya namba unayoisoma. Asilimia 3 ya 160 ni karibu paundi 5. Kwenye tairi la lori lenye 110, dereva hata hashtuki. Kwako, hiyo 12 huenda ni 7, tyubu ibanwe kati ya jiwe na rimu ikatoboke matundu mawili kwa mpigo. Au ni 17, tairi ligome kushika matope, na wewe uilaumu kampuni ya matairi.

Geji ya mwisho paundi 30 ipo, hata ya 15, yenye kitufe cha kupunguzia upepo kidogo kidogo kabla tairi halijapata moto. Shida yake ni kwamba haina mbwembwe. Afadhali ile ya dijitali ya bei chee, inayoandika 12.35. Desimali mbili, bwana! Nani atabishana na desimali?