Ombi la Konda kwa Ndege ya Saa 12 Asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa shirika letu pendwa la ndege za bei poa,



YAH: OMBI LA KUAJIRI KONDA, NDEGE YA ASUBUHI KUTOKA UWANJA WA KILIMANJARO (KIA) KWENDA DAR

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nakuandikia nikiwa Njia Panda ya KIA, nimekalia begi langu, baada ya kupokea meseji yenu kwamba ndege ya saa 12:15 asubuhi sasa itaondoka saa 5:40 “kutokana na sababu za kiuendeshaji”. Ahsante kwa kunijulisha mapema kiasi hicho.

Labda hujui abiria wako wa Marangu anawahije ndege ya alfajiri. Anashuka mlimani leo kwa ajili ya ndege ya kesho, maana usiku wa manane hakuna Hiace ya Himo. Analala gesti karibu na stendi ya Moshi, kama kulala ni kusikiliza muziki wa baa ya jirani. Alfajiri anadandia Kosta ya Arusha, anateremshwa njia panda, kisha anapanda boda hadi uwanjani, begi juu ya tangi, upepo wa Sanya kifuani. Ukijumlisha, gharama zinaikaribia nauli yenu ya ofa. Anafanya yote hayo kwa sababu akichelewa dakika moja, kaunta imefungwa na nauli imeliwa. Nyinyi mkichelewa saa tano, mnaomba radhi.

Boti yangu ya Unguja inaondoka saa 6:30 mchana. Nimeshaiaga.

Mheshimiwa, sababu za kiuendeshaji tunazijua: ndege haijajaa, mnaiunganisha na ya mchana. Wala hatushangai. Gari kusubiri lijae tumekua nalo. Kinachochoma ni kufanyiwa mambo ya stendi kwa masharti ya uwanja wa ndege. Basi mtuletee na konda.

Asimame chini ya ngazi, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, akiita, “Dar, Dar, Dar! Wawili bado twende!” Wawili hao watakuwa kumi na saba, tunajua, lakini angalau tutachungulia na kuhesabu wenyewe. Awe na wapiga debe wanne wa kukaa viti vya mbele ili ndege ionekane inajaa, washuke mmoja mmoja kila abiria halisi anapopanda. Asogeze watu: “Mama mpakate mtoto, anko sogea dirishani.” Mlango ukifungwa, apige bodi kwa kiganja mara mbili, “Twende suka!”, na rubani asiwe na kisingizio. Ndege ikigoma, konda atufaulishe: achomoe nauli zetu, amkabidhi konda wa ndege ya jirani, tuhamie na mizigo yetu. Konda wa Himo anayafanya hayo kando ya barabara, juani, bila kompyuta. Kwenu, kudai nauli yangu mwenyewe kunataka fomu, barua pepe na maombi ya kufunga.

Mengine ni madogo. Mkungu wa ndizi mshare upimwe bila kusimangwa. Wanaosubiri wapewe maji. Na tangazo lenu la kuuona Kilimanjaro dirishani mlifute, kwani kufikia hiyo saa 5:40 Kibo imeshajifunika mawingu.

Hapa njia panda nipo na mama mmoja wa Rombo mwenye miadi ya kliniki Muhimbili leo saa 4. Ameisubiri miezi. Ameniomba nimsomee ile meseji mara ya pili, akidhani nimekosea kusoma. Nimwambie nini, Mheshimiwa? Kwamba kuna viti havikuuzika? Mnajua mnachokifanya, na jioni hii mtauza tena tiketi za saa 12:15. Hiyo ni dharau, na mnatutoza nauli juu yake.

Samahani, nimepandisha sauti. Treni ya Dar iliporudi Moshi mwaka 2019 tuliitania kwamba inatembea usiku kucha. Tumeacha utani.

Konda nimeshampata, anashinda Marangu Mtoni. Mshahara mtaelewana. Ana sharti moja tu: saa mtakayomtuma aitangaze iwe ndiyo saa ya kuondoka, kwa sababu abiria wengi wanamjua hadi kwao, na yeye Desemba lazima arudi nyumbani.

Wako mtiifu,
Abiria, Njia Panda ya KIA